Kusimamishwa Barabarani: Mamlaka ya Polisi na Haki za Msafiri kati ya Nakivale na Mbarara

Askari anayenyoosha mkono barabarani na gari likasimama anatumia mamlaka aliyopewa na sheria, na mamlaka hayo yana mwanzo, mipaka na mwisho. Mwanzo wake ni sababu: usalama wa barabara, kuzuia uhalifu, au kumtafuta mtu au mali fulani. Mipaka yake ni haki za aliyesimamishwa: mwili wake, mali yake, hati zake na muda wake. Mwisho wake ni mmoja kati ya mitatu. Ama msafiri anaruhusiwa aendelee. Ama anaandikiwa tiketi ya faini au hati ya kuzuia chombo chake. Ama anakamatwa rasmi na kupelekwa kituoni. Lolote linalofanyika bariyani, yaani kwenye kizuizi cha barabarani, nje ya hayo matatu, hasa fedha inayopita mkononi bila karatasi, liko nje ya sheria hata kama watu wamelizoea.

Mhadhara huu unaeleza hatua hizo moja baada ya nyingine, kwa kufuata sheria za Uganda na hali ya barabara inayounganisha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mji wa Rwekubo na jiji la Mbarara. Hoja inayoziunganisha ni moja: kusimamishwa kwa halali huacha maandishi, na mahali pasipo na maandishi ndipo haki ya msafiri na heshima ya askari hupotelea pamoja.

Barabara na watu wake

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda. Leo yamegawanyika katika kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na wanaishi humo zaidi ya watu laki moja na nusu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni, hospitalini na ndani ya taksi.

Safari ya kwenda mjini kwa watu hawa ni lazima. Mama anampeleka mtoto hospitali ya rufaa ya Mbarara. Mfanyabiashara wa Juru anafuata vitenge na mafuta ya kupikia. Kijana anakwenda benki kuchukua fedha aliyotumiwa na ndugu walio ng'ambo. Wengine wana shughuli katika ofisi ya wakimbizi iliyo mjini. Wanapanda taksi, gari dogo linalobeba watu wengi kuliko viti vyake, lori la ndizi, au boda, yaani pikipiki ya abiria. Njiani hukutana na askari wa trafiki waliovaa sare nyeupe, polisi wa kawaida waliovaa kaki, na pengine wanajeshi au maofisa wa uhamiaji, kwa kuwa mpaka hauko mbali.

Sababu ya kuwepo kwa askari wa trafiki haina ubishi. Kwa takwimu za polisi wenyewe, zaidi ya watu 5,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini Uganda mwaka 2024, na waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa sana ya vifo hivyo. Gari lisilo na breki, dereva mlevi na boda iliyobeba abiria watatu ni hatari kwa kila aliye barabarani. Barabara isiyokuwa na askari haitakuwa huru zaidi. Itakuwa na makaburi zaidi. Jambo la kupimwa ni namna mamlaka hayo yanavyotumika.

Historia iliyozaa sheria

Nchini Uganda, kizuizi cha barabarani kina kumbukumbu chungu. Wakati wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, na katika utawala wa pili wa Milton Obote uliofuata, vizuizi vya wanajeshi vilikuwa mahali pa kunyang'anywa mali na hata kupotea kabisa. Misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambamo watu walikusanywa ovyo na kupakiwa kwenye malori, ilibaki na jina la Kiswahili ambalo wazee wa Uganda hawajalisahau: panda gari. Aliyepakiwa hakuambiwa kosa lake, hakuandikwa popote, na ndugu zake hawakujua pa kumtafuta.

Ankole, eneo ambamo Nakivale imo, ilipata yake. Mwezi Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati huo, iliyojumuisha Isingiro ya leo, Wanyarwanda walifukuzwa mashambani na majumbani mwao. Miongoni mwao walikuwemo wakimbizi, na walikuwemo pia watu waliokaa Uganda miaka mingi na kujiona raia. Makumi ya maelfu walikimbilia mpaka wa Rwanda au kusongamana katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwemo. Mtu alisimamishwa na kuulizwa yeye ni nani, na jibu lake likaamua kama atalala kwake au porini.

Katiba ya Uganda ya 1995 iliandikwa na watu waliokuwa wameyaona hayo. Ibara ya 23 inakataza kumnyima mtu uhuru wake isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Ibara ya 24 inakataza mateso na vitendo vya kikatili au vya kudhalilisha. Ibara ya 27 inalinda mwili, nyumba na mali dhidi ya upekuzi usio halali. Ibara ya 28 inampa anayeshtakiwa haki ya kusikilizwa kwa usawa na kuhesabiwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Ibara ya 44 inasema kuwa ulinzi dhidi ya mateso, haki ya kusikilizwa kwa usawa na haki ya aliyeshikiliwa kufikishwa mbele ya mahakama haziondolewi kwa hali yoyote, hata ya dharura.

Haki hizi hazikuwekwa kwa raia peke yao. Ibara hizo zinamlinda kila mtu aliye katika ardhi ya Uganda: Mnyankole wa Kabingo, Mkongo wa Base Camp na mgeni aliyevuka mpaka jana. Kwa msafiri, ibara inayowataja Waganda peke yao ni ya 29, kifungu cha pili, kuhusu uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini. Pengo hilo la mkimbizi linazibwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006, ambayo kifungu chake cha 30 kinampa mkimbizi anayetambuliwa uhuru wa kutembea Uganda, chini ya mipaka yenye sababu inayowahusu wageni wote walio katika hali kama yake. Sheria hiyo ilifuta ile ya 1960, iliyokusudia kuwadhibiti wakimbizi na kuwafungia katika makazi. Mkimbizi anayetaka kuhamia mahali pengine nje ya eneo alilopangiwa bado huomba ruhusa ya Kamishna wa Wakimbizi. Lakini kwenda Mbarara kutibiwa au kuuza mahindi na kurudi si kosa la jinai.

Kusimamishwa

Sheria ya Polisi na Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 zinampa askari aliye kazini uwezo wa kusimamisha chombo na kuweka vizuizi kwa ajili ya usalama na kuzuia uhalifu. Dereva anayepewa ishara na askari mwenye sare anatakiwa kusimama. Kukimbia bariya ni kosa lenyewe, na boda inayogeuza ghafla mbele ya gari jingine kwa kumkwepa askari imeua watu wengi kuliko faini yoyote ilivyowahi kumfilisi mtu.

Askari naye ana wajibu tangu dakika ya kwanza. Anatakiwa kuwa na sare na jina au namba yake ya utumishi mahali inapoonekana. Asiyevaa sare anatakiwa kuonyesha kitambulisho cha polisi kabla ya kudai kitu. Anatakiwa kueleza kwa nini amemsimamisha msafiri. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwenendo wa maofisa wanaosimamia sheria, zilizopitishwa 1979, zinawataka waheshimu utu wa kila mtu wanayemhudumia. Katiba ya Uganda yenyewe inalitaka jeshi la polisi liwe la kizalendo, lenye ujuzi na nidhamu. Kuulizwa jina kwa adabu hakumpunguzii askari cheo. Jina hilo liko kifuani pake ili lisomwe.

Msafiri anayesema, "Afande, naomba kujua kosa langu," hajakaidi amri. Ameuliza jambo ambalo sheria inataka ajibiwe. Kukaidi ni kukataa kusimama, kukataa kutoa hati zinazotakiwa, kutukana au kumsukuma askari.

Hati

Dereva hutakiwa kuwa na leseni halali ya daraja la chombo anachoendesha na bima ya chombo hicho. Gari la abiria linahitaji pia kibali cha kubeba abiria. Mwendesha boda na abiria wake hutakiwa kuvaa kofia ngumu. Mkimbizi anayeendesha chombo anabanwa na masharti yale yale. Hali yake ya ukimbizi haimpi msamaha na haimwongezei mzigo. Leseni za udereva hutolewa na serikali kuu, na huduma hiyo inapatikana Mbarara bila mtu kulazimika kwenda Kampala.

Abiria hana hati ya kuendeshea chombo, na askari wa trafiki hana sababu ya kumhusisha abiria na kosa la dereva. Tairi likiwa chakavu, mwenye kuulizwa ni dereva. Hata hivyo, katika eneo lililo karibu na mpaka, polisi na maofisa wa uhamiaji huuliza vitambulisho vya abiria wote, na hapo ndipo tofauti za watu hujitokeza. Mganda hutoa kitambulisho cha taifa. Mkimbizi hutoa kitambulisho cha mkimbizi, kadi yenye picha inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, au atestesheni, karatasi yenye picha na majina ya watu wote wa familia. Anayeomba hifadhi na ambaye ombi lake halijaamuliwa hutoa kibali cha muda.

Matatizo mengi ya wakimbizi njiani huanzia hapa. Familia ya watu saba ina atestesheni moja. Baba akienda nayo Mbarara, mama aliyebaki akimkimbiza mtoto hospitali hana cha kuonyesha. Karatasi hukunjwa na kukunjuliwa mpaka picha inafutika. Kibali cha muda huisha wakati foleni ya kukihuisha haijasogea. Askari aliyehamishiwa Isingiro wiki iliyopita pengine hajawahi kuiona karatasi ya namna hiyo, akaidhania ya kughushi. Njia halali ya kuondoa shaka ni kuuliza ofisi iliyoitoa, yaani ofisi ya mkuu wa makazi au ofisi ya wakimbizi ya Mbarara. Kumtoza mtu fedha hakuthibitishi karatasi yake. Wala hakuna askari wa barabarani mwenye mamlaka ya kumrudisha mkimbizi katika nchi aliyoikimbia: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda, Mkataba wa Geneva wa 1951 na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 vyote vinakataza.

Jambo dogo linalosaidia ni nakala. Mwenye atestesheni anaweza kutoa nakala kwa kila mtu mzima wa familia na kuipiga picha kwa simu. Nakala haichukui nafasi ya hati yenyewe, lakini humpa askari mwenye nia njema namba anayoweza kuulizia. Barua ya ofisi ya makazi inayotaja sababu ya safari husaidia vivyo hivyo.

Upekuzi

Kuangalia chombo kwa nje, taa, tairi, vioo, namba na idadi ya abiria, ni sehemu ya kazi ya trafiki. Kufungua begi la abiria ni jambo jingine. Sheria ya Uganda ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu askari kusimamisha na kupekua chombo au mtu anapokuwa na sababu ya kushuku kuwa kuna mali ya wizi au iliyopatikana isivyo halali. Shaka hiyo iwe na msingi unaoweza kuelezwa. Lugha ya mtu, rangi ya ngozi yake, hijabu yake, au kuwa anatoka kambini si msingi.

Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Bariya isiyokuwa na askari wa kike haina uwezo wa kumpekua mama mwilini. Ikiwa ipo shaka ya kweli, anapelekwa kituoni kwenye askari wa kike. Upekuzi ufanyike mbele ya mwenye mali. Begi lisipelekwe nyuma ya gari au ndani ya kibanda huku mwenyewe akiambiwa asubiri, kwa sababu kitu kikipotea au kikiongezeka humo, hakuna atakayeweza kusema ukweli uko wapi. Kinachochukuliwa kiandikwe: ni nini, kiasi gani, kimechukuliwa na nani, na kimepelekwa wapi.

Simu nayo ni mali binafsi, na mawasiliano yaliyomo yanalindwa na Ibara ya 27. Askari wa trafiki anayedai kufunguliwa simu ili asome ujumbe au aangalie salio la fedha ametoka nje ya kazi yake.

Faini na karatasi yake

Kosa dogo la trafiki nchini Uganda humalizwa kwa tiketi ya faini ya papo hapo. Jina hilo huwapotosha wengi: kosa huandikwa papo hapo, lakini fedha hailipwi papo hapo. Tiketi hutaja dereva, namba ya chombo, kosa, kiasi, mahali, tarehe na askari aliyeiandika. Dereva huenda na namba ya malipo ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, akalipa benki au kwa simu, akapata risiti. Askari hapokei shilingi hata moja. Dereva asiyekubali kosa ana haki ya kwenda mahakamani, na hapo ni kazi ya upande wa mashtaka kulithibitisha.

Njia ya vichochoroni inajulikana na kila abiria wa barabara ya Mbarara. Taksi inasimama. Kondakta anashuka kabla hajaitwa, anazunguka nyuma ya gari, na mkononi ana leseni ya dereva iliyokunjwa na noti ndani yake. Leseni inakwenda na noti, inarudi bila noti, na taksi inaondoka ikiwa na abiria wale wale waliozidi na tairi lile lile lililoisha. Hakuna aliyeandika kitu. Kesho kutwa dereva huyo atalipa tena, kwa askari mwingine, kwa kosa hilo hilo. Nauli itapanda kufidia, na atakayeilipa hongo mwishowe ni abiria. Tairi likipasuka, atalilipa pia kwa mwili wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usalama wa barabara hupotea kwa njia hiyo hiyo. Tiketi hujenga kumbukumbu: dereva fulani amekosa mara ngapi, chombo kipi ni kibovu, askari gani huandika na yupi haandiki kamwe. Noti haijengi kumbukumbu yoyote. Tafiti za Transparency International katika Afrika Mashariki zimewaweka polisi mara kadhaa katika nafasi za juu kabisa kwa kudai au kupokea hongo, na barabara ni mojawapo ya sababu.

Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inamgusa mtoaji sawa na mpokeaji, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 10. Dereva anayetangulia kutoa noti ili asiandikiwe ametenda kosa kubwa kuliko lile alilosimamishwa kwa ajili yake. Anayetishwa hadi akatoa yuko katika hali tofauti: huyo amenyang'anywa, na anapaswa kuripoti mapema iwezekanavyo.

Kuna wanaoamini kuwa mashine zitaondoa tatizo lote. Mwezi Juni 2025 Uganda ilianza kutumia kamera zinazosoma namba za magari na kutuma faini moja kwa moja kwa mwenye gari. Faini za mwendo zilikuwa shilingi 200,000 au 600,000 kutegemea kiasi kilichozidi, na muda wa kulipa ulikuwa saa 72 kabla ya nyongeza kuanza. Malalamiko yalikuwa makali, na kabla ya mwezi huo kwisha serikali iliusitisha utaratibu huo kwa ajili ya marekebisho. Kamera haiombi hongo, na hilo ni jema. Lakini haki ya kujua kosa, kupewa muda na kusikilizwa inabaki pale pale, awe aliyeandika tiketi ni mtu au mtambo.

Chombo kikizuiwa kwa ubovu, mwenyewe anatakiwa kujua kinapelekwa kituo gani, kwa sababu gani, na kitakaguliwa lini na mkaguzi wa magari. Kabla ya kukiacha, ni busara kuandika vilivyomo: betri, vioo, tairi la akiba, kiasi cha mafuta. Pikipiki iliyokaa uani mwa kituo miezi mitatu hurudi kwa mwenyewe ikiwa imepungua, na asiye na orodha hana la kudai.

Kukamatwa

Makosa mengi ya trafiki hayahitaji kumkamata mtu. Anapokamatwa, kama kwa kuendesha akiwa amelewa, kusababisha ajali au kushukiwa kwa jinai, Ibara ya 23 inaanza kufanya kazi palepale. Anatakiwa kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kuwa na wakili. Lugha ina uzito katika eneo hili. Mkongo aliyefika Nakivale mwaka jana hajui Kinyankole wala Kiingereza. Kiswahili kimetajwa katika Ibara ya 6 kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na kimekuwa kikitumika kwa muda mrefu katika vyombo vya ulinzi vya nchi. Kumweleza mtu kosa lake kwa Kiswahili si jambo lililo nje ya uwezo wa kituo cha polisi, na anayejua Kisomali au Kirundi peke yake anastahili mkalimani.

Aliyekamatwa hushikiliwa mahali palipotambuliwa na sheria, yaani kituo cha polisi, si katika kibanda cha bariya wala nyumba ya mtu. Ndugu zake wajulishwe. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 ikiwa hajaachiwa. Kenya na Tanzania zinaweka saa 24, na mfanyabiashara anayezunguka nchi hizi tatu hana budi kuijua tofauti hiyo. Akiachiwa kwa dhamana ya polisi, ambayo vituoni huitwa bondi, dhamana hiyo haina malipo. Fedha inayodaiwa na kituo kwa ajili ya bondi, iitwe ya karatasi, ya mafuta ya gari au ya chakula, haina msingi wa sheria.

Kwa muda mrefu polisi walikuwa wakikamata watu barabarani kwa kosa la uzururaji, kwa sababu tu ya kuonekana mahali fulani katika hali iliyowatia shaka. Mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta vipengele viwili vya kosa hilo katika Sheria ya Kanuni za Adhabu, kwa kuwa vilikuwa na maana isiyo wazi na viliwaangukia zaidi maskini. Uamuzi huo unamhusu moja kwa moja kijana anayeshushwa kwenye taksi usiku kwa sababu hana jibu la kumridhisha askari.

Nguvu

Nguvu hutumika pale tu inapokuwa ya lazima, na kwa kiasi kinacholingana na hatari iliyopo. Bunduki ni hatua ya mwisho. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya 1990 kuhusu silaha inaruhusu kuua kwa makusudi pale tu pasipokuwa na njia nyingine ya kuokoa maisha. Kumrushia fimbo mwendesha boda aliye katika mwendo, au kumvuta shati, kunaweza kumuua yeye na abiria wake kwa kosa ambalo sheria imeliwekea faini. Namba ya chombo ikiandikwa, mwenyewe atapatikana kesho akiwa hai.

Kumpiga mtu ambaye tayari amekwisha kushikwa hakuna jina jingine ila mateso au ukatili. Sheria ya Kuzuia na Kukataza Mateso ya 2012 imekifanya kitendo hicho kosa la jinai, na askari hawezi kujitetea kwa kusema aliamriwa na mkubwa wake.

Malalamiko na fidia

Aliyedhulumiwa huanza na kumbukumbu: siku, saa, mahali, jina au namba ya askari, namba ya gari la polisi ikiwa lipo, mashahidi, na karatasi yoyote aliyopewa. Mwenye majeraha aende hospitali siku hiyo hiyo na kudai maandishi ya daktari. Lalamiko lisilotaja siku wala mtu huishia mezani lilipopokelewa.

Ngazi ya kwanza ni wakubwa wa askari huyo: mkuu wa trafiki wa wilaya, mkuu wa polisi wa wilaya ya Isingiro, kisha uongozi wa polisi wa mkoa wa Rwizi. Polisi pia wana kitengo chao cha nidhamu na viwango vya kazi, kinachochunguza askari. Udhaifu wa ngazi hizi ni kwamba polisi wanachunguza polisi. Kenya ilijaribu kuliondoa tatizo hilo kwa kuunda mwaka 2011 mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, na Uganda haijawa na chombo cha namna hiyo. Iliyo nayo ni Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa na Katiba yenyewe, ambayo ina ofisi Mbarara na baraza lenye uwezo wa kuamuru fidia. Madai ya hongo hupokelewa na Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mkimbizi anaweza pia kupitia ofisi ya mkuu wa makazi, au mashirika ya msaada wa sheria kama Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo imefanya kazi Nakivale na Mbarara kwa miaka mingi.

Ngazi ya juu ni mahakama. Ibara ya 23 inampa fidia aliyekamatwa au kushikiliwa kinyume cha sheria. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 imekwenda mbali zaidi: ofisa wa serikali aliyevunja haki anawajibika yeye mwenyewe, hata kama alikuwa kazini, na serikali haibebi tena mzigo wote peke yake. Wengi hawafiki huko kwa hofu. Mkimbizi anaogopa kuwa lalamiko litaharibu faili lake, na mwendesha boda anajua atapita bariya ile ile kesho asubuhi. Katiba imeliona hilo. Ibara ya 50 inaruhusu mtu au shirika lolote kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za mtu mwingine au kundi la watu. Chama cha waendesha boda cha Rwekubo, kamati ya wakimbizi ya kanda au kikundi cha akina mama wa soko kinaweza kukusanya kumbukumbu za wanachama wake, tiketi kwa tiketi na tarehe kwa tarehe, na kufungua shauri kwa jina lake badala ya la mtu mmoja anayeogopa.